Nani Aliyepiga Kura ya Diwani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mwitikio wa Wapiga Kura Jijini Mbeya

Kila uchaguzi ukiisha simu yangu haipumziki. Niliwahi kuwa karani mwongozaji wapiga kura, na tangu siku hiyo majirani wa Ilomba, shemeji zangu wa Iringa na vijana wa bajaji pale Kabwe wananihesabu kuwa mtu wa Tume ya Uchaguzi. Siyo. Ila maswali yao ni mazuri, na ni yale yale, kwa hiyo nimeyakusanya hapa ili nisiwe narekodi ujumbe wa sauti wa dakika saba kila mara. Mengi yanahusu Mbeya. Pale Iringa au Njombe panapotoa mfano mzuri zaidi, nimepanda basi nikaenda.

Wakisema "mwitikio ulikuwa asilimia 60", wamehesabu nini?

Ni hesabu ya sehemu ya darasa la tano. Juu unaweka waliopiga kura, chini unaweka walioandikishwa, unazidisha kwa 100. Kosa la kwanza linafanyika juu: watu hujumlisha kura za wagombea wakasahau kura zilizokataliwa. Aliyeharibu karatasi naye aliamka, akapanga foleni, akachovya kidole kwenye wino. Ahesabiwe.

Kosa la pili, lililo kubwa zaidi, liko chini. Chukua kituo cha kubuni chenye majina 420 kwenye daftari. Kura halali 245, zilizokataliwa 7, jumla 252. Hiyo ni asilimia 60 kamili. Sasa tuseme kati ya majina yale 420, 30 ni ya watu waliofariki au waliohamia Chunya kwenye dhahabu na hawajahamisha taarifa zao. Wanaoweza kufika kweli ni 390, na ghafla mwitikio ni karibu asilimia 65. Foleni haikuongezeka hata mtu mmoja.

Ukiondoka hapa na jambo moja tu, liwe hilo: ukitajiwa asilimia, uliza namba ya chini imetoka daftari gani, na la mwaka gani.

Mbona siioni namba moja ya "uchaguzi wa Jiji la Mbeya"?

Kwa sababu Jiji halichaguliwi kwa mkupuo. Halmashauri ya Jiji ina kata 36, na kila kata inachagua diwani wake. Unachokiita uchaguzi wa Jiji ni chaguzi 36 zinazofanyika siku moja. Juu yao wanaongezwa madiwani wanawake wa viti maalum, wasiopungua theluthi moja, ambao hawasimami mbele yako kwenye karatasi ya kura. Mbunge naye ni mjumbe wa baraza.

Hili linawakera wengi, maana wanakuja na swali la "meya alipata kura ngapi". Mstahiki Meya hapigiwi kura na wananchi. Anachaguliwa na madiwani wenzake ukumbini, baada ya uchaguzi. Kwa hiyo mtu wa Nzovwe anayetaka kumbadilisha meya ana njia moja tu: karatasi ya diwani wa Nzovwe. Na mkurugenzi wa Jiji, ambaye ndiye anayesaini barua nyingi zinazokufikia, anateuliwa na Rais. Nadhani sehemu ya uvivu wa watu kuhusu udiwani inaanzia hapo. Anayetaka kibanda chake kisivunjwe anajua mlango wa kugonga, na mara nyingi si wa diwani.

Kura ya diwani ina mwitikio wake, au inabebwa na ya rais?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote.

Katika uchaguzi mkuu unakabidhiwa karatasi tatu kwa pamoja: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Kuna masanduku matatu. Aliyetoka kitandani alfajiri kwa ajili ya rais atatumbukiza na ya diwani, hata kama jina la diwani analisoma kwa mara ya kwanza ndani ya kile kituturi, kibanda cha kupigia kura kwa siri. Mwitikio wa udiwani siku hiyo ni abiria aliyelala kwenye basi la Tunduma. Atafika, lakini aliyeendesha ni mwingine.

Kwa hiyo ukiona kata yako imeonyesha mwitikio wa juu katika uchaguzi mkuu, usiharakishe kusema wananchi wa kata yako wanalipenda baraza lao. Angalia fomu. Matokeo ya kituo huandikwa kwenye fomu tatu: 21A ya rais, 21B ya mbunge, 21C ya diwani. Jumla ya karatasi kwenye fomu hizo tatu itakaribiana sana, kwa kuwa kila mtu alipewa zote. Mahali pa kutazama ni mstari wa kura zilizokataliwa. Karatasi iliyotumbukizwa bila alama yoyote inaingia humo. Kama 21A ina kura 4 zilizokataliwa na 21C ya kituo hicho hicho ina 15, basi una watu kumi hivi waliojua wanayemtaka Ikulu ila hawakuona wa kumtuma habari ya mfereji wa mtaani. Walichoka? Waligoma? Fomu haisemi. Inabidi uende ukawaulize, na watakudanganya kidogo, maana hakuna anayependa kukiri kwamba aliacha karatasi tupu.

Kipimo cha kweli cha hamu ya udiwani ni uchaguzi mdogo. Nitafika huko.

Kitaifa hali imekuwaje tangu vyama vingi?

Kwa kura ya rais, ambayo kama nilivyosema ndiyo inayovuta nyingine: 1995 ilikuwa karibu asilimia 77, mwaka 2000 ikapanda hadi 84, 2005 ikawa 72, kisha 2010 ikaanguka hadi chini kidogo ya 43. Mwaka 2015 ikarudi juu hadi 67, na 2020 ikashuka tena hadi kama 51.

Hiyo ya 2020 itazame mara mbili. Walioandikishwa walikuwa wameongezeka kutoka milioni 23.2 za 2015 hadi milioni 29.8. Waliopiga kura wakapungua, kutoka kama milioni 15.6 hadi milioni 15.1. Yaani daftari lilikua kwa watu zaidi ya milioni 6 na foleni ikafupika.

Kwa nini 2010 ilianguka vile? Watu walisusa?

Wapo waliosusa, lakini mimi nalilaumu daftari kwanza. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura lilianza 2004, na kufikia 2010 lilikuwa na majina milioni 20 na ushee. Waliofariki na waliohama hawaondoki wenyewe. Mtu lazima apeleke taarifa, na katika msiba wa Kinyakyusa kuna mambo mengi ya kufanya kabla hujakumbuka kurudisha kadi ya kura ya marehemu. Kila mwaka daftari linazeeka, na linavyozeeka asilimia inashuka hata kama watu ni wale wale.

Uthibitisho uko karibu na kwetu. Mwaka 2015 Tume iliandikisha nchi nzima upya kwa mfumo wa BVR, ule wa alama za vidole na picha, na kazi ilianzia Makambako, mkoani Njombe, mwezi Februari. Mashine zilikuwa chache na foleni ndefu. Daftari lilipokamilika lilikuwa na watu milioni 23.2, yaani milioni 3 tu juu ya lile la zamani, katika nchi ambayo watu wake wanaongezeka kwa kasi. Maana yake lile la zamani lilibeba majina mengi yasiyo na mtu nyuma yake. Mwitikio wa 2015 ulipanda kwa sababu mchuano wa Magufuli na Lowassa ulikuwa mkali, ndiyo, lakini pia kwa sababu namba ya chini ilikuwa imesafishwa. Ukimsikia mtu anaeleza 2010 na 2015 kwa siasa peke yake, mwongezee hilo kwenye kahawa yake.

2015 Mbeya na Iringa zilikuwaje hasa?

Moto. Aliyepita viwanja vya Ruanda Nzovwe siku za kampeni anajua. Joseph Mbilinyi, Sugu, alikuwa mbunge wa Mbeya Mjini tangu 2010 na akarudi. Iringa Mjini Mchungaji Peter Msigwa naye akarudi. La maana kwa mada yetu ni kwamba safari hii chama chao cha upinzani, CHADEMA, kilichukua na halmashauri zenyewe: David Mwashilindi akawa meya wa Mbeya, Alex Kimbe meya wa Iringa. Ndipo watu wengi walipogundua kwamba karatasi ya tatu nayo inahesabiwa. Nakumbuka mama mmoja wa Sokomatola akisema, "Kumbe diwani ndiye anayempa meya kiti!" Ndiye, mama.

Kisha Machi 2020 Kimbe akaondolewa na madiwani kwa kura ya kutokuwa na imani naye. Oktoba mwaka huo majimbo yote mawili yakarudi CCM, Mbeya Mjini kwa Dkt. Tulia Ackson na Iringa Mjini kwa Jesca Msambatavangu.

Ushindani unaleta watu. Sijui kama hilo linahitaji maelezo. Kata ambayo mshindi anajulikana tangu kura za maoni za chama, wenye kadi za chama wameshamaliza uchaguzi wao mapema, na Oktoba wanaona kama wanaenda kusaini tu.

Nilijiandikisha Oktoba 2024 kwa mtendaji wa mtaa. Mbona Oktoba 2025 jina langu halikuwepo?

Kijana wangu, hapa ndipo wengi walipoangukia. Kuna madaftari mawili.

Uchaguzi wa serikali za mitaa, ule wa mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wake (vijijini, mwenyekiti wa kijiji na wa kitongoji), unasimamiwa na TAMISEMI, yaani wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Una orodha yake, inayoandikwa upya mtaani kwa siku chache kila baada ya miaka mitano. Kwa uchaguzi wa 27 Novemba 2024 uandikishaji ulikuwa 11 hadi 20 Oktoba 2024. Orodha hiyo ikishatumika, kazi yake imekwisha.

Uchaguzi wa rais, wabunge na madiwani uko chini ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, na unatumia Daftari la Kudumu. Uboreshaji wake kwa safari ya 2025 ulipita Mbeya na Iringa mwishoni mwa Desemba 2024 ukaingia Januari 2025. Yaani wiki ambayo nusu ya mji uko Kyela au Tukuyu kula sikukuu. Sina ushahidi kwamba tarehe ile ilipunguza watu, ila kwenye mtaa wetu niliona geti nyingi zimefungwa.

Diwani yuko kwenye daftari la Tume. Mwenyekiti wa mtaa yuko kwenye orodha ya TAMISEMI. Ukichanganya asilimia za chaguzi hizi mbili kwenye sentensi moja, umechanganya mchele wa Kyela na wa Mbarali kwenye gunia moja. Unapikika, lakini usiseme ni wa wapi.

Kwa nini uchaguzi wa mtaa huwa na asilimia kubwa zaidi?

Kwa sababu hiyo hiyo. Orodha ina umri wa wiki sita tu. Waliojiandikisha Oktoba, Novemba bado wapo, wazima, mtaa ule ule. Namba ya chini haijapata muda wa kuchakaa. Ongeza kwamba kituo kiko hatua chache, na mwenyekiti ndiye anayekuandikia barua ya utambulisho ukienda kufungua akaunti au kumdhamini ndugu polisi. Mtu anamjua kwa sura, kwa sauti na kwa madeni.

Tahadhari moja: mwaka 2019, uliofanyika 24 Novemba, vyama kadhaa vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, na katika mitaa mingi mgombea wa CCM akapita bila kupingwa. Pasipopigwa kura hakuna mwitikio wa kupima. Usiweke sifuri wala mia. Acha wazi.

Na diwani akibaki mgombea pekee?

Zamani alitangazwa amepita. Mwaka 2020 ilitokea katika kata nyingi nchini, na mpiga kura wa kata kama hiyo hakupewa karatasi ya diwani kabisa. Kwa hiyo ukitafuta mwitikio wa udiwani wa kata yako mwaka huo ukakuta nafasi tupu, huenda si uzembe wa aliyejaza. Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani ya mwaka 2024 ilifuta utaratibu huo. Mgombea pekee naye sasa anapigiwa kura.

Umesema uchaguzi mdogo ndiyo kipimo. Kivipi?

Diwani akifariki, akijiuzulu au akihama chama, kata inarudi kwenye sanduku peke yake. Hakuna rais, hakuna mbunge, hakuna wasanii kwenye jukwaa la kitaifa. Na aghalabu hakuna mapumziko ya kitaifa kwa ajili ya kata moja. Yule abiria aliyelala sasa ameambiwa ashike usukani.

Mwitikio huanguka, mara nyingi anguko kubwa. Novemba 26, 2017 zilifanyika chaguzi ndogo katika kata 43 nchini, Kitwiru ya Manispaa ya Iringa ikiwemo, ambako diwani alikuwa ameacha chama chake. CCM ilichukua kata 42. Mjadala mzima ulikuwa juu ya nani kanunuliwa na nani kapigwa. Wachache sana waliuliza ni wapiga kura wangapi walikaa nyumbani.

Mwitikio ukiwa mdogo, chama chenye mabalozi wa nyumba kumi na daftari la wanachama wake kinafaidika, maana kinajua mlango gani ugongwe saa tatu asubuhi. Chama kinachotegemea hamasa ya mkutano wa hadhara kinaumia. Ndiyo maana kata ile ile inaweza kuchagua chama hiki Oktoba na kingine miaka miwili baadaye, bila mtu mmoja kubadilisha mawazo. Waliobadilika ni waliofika.

Kata za mjini kati na za pembeni, zipi zinajitokeza zaidi?

Jiji la Mbeya si mji wote. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 541,603 ndani ya mipaka yake, kutoka 385,279 mwaka 2012, lakini ukipanda Mwansekwa, Itagano au Tembela unakuta viazi, kabichi na ng'ombe. Kule mtu anaishi alipoandikishwa. Kituo ni shule ya msingi aliyosoma, na jirani asipofika anaulizwa kulikoni.

Sisimba, Maendeleo, Ruanda na kandokando ya Mwanjelwa ni habari nyingine. Wapangaji wanahama kila kodi ikipanda. Mfanyabiashara analala Isyesye au Nsalaga lakini aliandikishwa karibu na kibanda chake, kwa sababu siku ile waandikishaji walikuwa pale na yeye alikuwa pale. Siku ya kura ni mapumziko, kibanda kimefungwa, na yeye yuko nyumbani Nsalaga akipiga hesabu ya nauli. Daftari linasema ni mpiga kura wa kata ile; miguu yake inasema vingine. Kata yenye soko au stendi itaonyesha mwitikio wa chini kuliko ustaarabu wa watu wake.

Kuhama ni jambo dogo kwenye karatasi: wakati wa uboreshaji unapeleka taarifa zako kituo kipya. Wengi hawafanyi, kwa sababu wanaamini watarudi.

Wanafunzi je?

Mbeya kuna MUST, TEKU na ndaki ya Mzumbe. Iringa kuna Mkwawa, RUCU na Chuo Kikuu cha Iringa. Hao ni maelfu ya watu wenye miaka 18 na zaidi ambao anwani yao inabadilika na kalenda ya chuo. Mwaka 2010 vyuo vilifunguliwa baada ya uchaguzi, na waliokuwa wamejiandikisha vyuoni wakajikuta wako kwa wazazi Bukoba au Lindi, mbali na vituo vyao. Ile namba ya 43 ina wao pia ndani yake.

Kwa udiwani, kata yenye chuo ni tete kweli kweli. Wanafunzi wakiwepo wanaweza kuamua nani awe diwani ambaye hawatamwona tena baada ya kuhitimu. Wasipokuwepo, majina yao yanabaki chini ya mstari yakivuta asilimia. Nimewahi kubishana usiku kucha na shemeji yangu wa Kihesa kama hilo ni haki kwa wenyeji. Yeye anasema hapana. Mimi nasema wanalipa kodi ya pango na wanakunywa maji yale yale.

Jumapili au Jumatano, ipi inaleta watu?

2010 na 2015 tulipiga Jumapili, 2020 na 2025 Jumatano iliyotangazwa kuwa mapumziko. Ya 2010 na 2015 ni siku ile ile ya wiki, na mwitikio uliachana kwa zaidi ya asilimia 20. Siku haina uzito huo. Kinachobadilika ni saa: Jumapili foleni hukatika wakati wa ibada kisha Wamoravian na Walutheri wanashuka wote kwa pamoja, makarani wanatoka jasho.

Mvua na mashamba?

Oktoba kwetu ni vumbi, mashamba yanaandaliwa, na mvua bado. Ni mwezi mzuri kwa uchaguzi kuliko watu wanavyofikiri. Mwishoni mwa Novemba, mwezi wa uchaguzi wa mtaa wa 2019 na wa 2024, mvua inaweza kuwa imeshika na mahindi yanasubiri kupandwa. Hapo mkulima wa Iganjo atachagua shamba asubuhi na kituo mchana, kama hapajanyesha. Vituo hufungwa saa 10 jioni. Aliyekuwa tayari kwenye foleni saa hiyo anahudumiwa. Ujue hilo, maana nimeona watu wakigeuka nyumbani saa 10 kasoro tano wakidhani wamechelewa.

Ni kweli wanawake wanajitokeza zaidi ya wanaume?

Kwa macho yangu ya foleni, asubuhi na mapema wanaume wengi, kuanzia saa nne wanawake, wengine na watoto mgongoni. Wajawazito, wanaonyonyesha, wazee na wenye ulemavu wanapewa kipaumbele, kwa hiyo wanapita haraka na hawaonekani kwenye urefu wa foleni. Lakini fomu ya matokeo inabeba jumla ya kura, na kura ni siri. Anayekuambia wanawake wa kata fulani walimpa nani, anakupigia ramli.

Tuambie ukweli kuhusu 2025.

Tume ilitangaza mwitikio wa karibu asilimia 87 kwa kura ya rais, kwenye daftari la watu zaidi ya milioni 37. CHADEMA haikuwa kwenye karatasi. Ilikuwa imezuiwa kushiriki baada ya kutosaini kanuni za maadili. Siku ya kura, 29 Oktoba, maandamano na vurugu vilitokea katika miji kadhaa, watu wakafa, intaneti ikazimwa. Waangalizi wa SADC na wa Umoja wa Afrika wakatoa taarifa za ukosoaji mkali ambazo hatukuzizoea kutoka kwao.

Mimi nimekuwa nikisema humu kwamba ushindani ndio unaoleta watu. Namba ya 87 inaivunja kanuni yangu vipande. Ama kanuni yangu ni mbovu, ama. Utajaza mwenyewe. Kwa kazi ya kulinganisha kata na kata nimeiweka 2025 kwenye faili la peke yake.

Jimbo la Uyole linavuruga ulinganisho?

Kwa ubunge, ndiyo. Mwaka 2025 jimbo la Mbeya Mjini liligawanywa na Uyole ikawa jimbo, kwa hiyo "Mbeya Mjini" ya 2020 na ya 2025 si eneo moja. Kwa udiwani huna shida: kata ni kata. Ndiyo faida ya kufuatilia karatasi ya tatu.

Mwitikio ukiwa mdogo sana, uchaguzi unafutwa?

Hapana. Hakuna kiwango cha chini, na kupiga kura si lazima kisheria. Diwani mwenye kura nyingi kuliko wenzake ameshinda, hata kama kata nzima imetoa watu 200.

Nimepoteza kadi ya kupigia kura. Nimo kwenye namba ya waliokosa?

Umo kwenye namba ya chini, kwa hiyo usipokwenda unahesabiwa kuwa hukujitokeza. Katika chaguzi za karibuni Tume imeruhusu aliyemo kwenye daftari atumie kitambulisho cha NIDA, pasipoti au leseni ya udereva. Kabla ya siku yenyewe orodha hubandikwa kituoni. Pita uangalie jina lako na namna lilivyoandikwa. Akina Mwakipesile na Mwakipesilo wameshagombana sana na makarani.

Nitapataje mwitikio wa kituo changu mwenyewe?

Kura zikishahesabiwa, msimamizi wa kituo anabandika nakala ya matokeo nje. Ndiyo karatasi yenye thamani kuliko zote, na mara nyingi asubuhi ya pili imeshaloa umande au imechanwa na watoto. Piga picha jioni ile ile au alfajiri, fomu zote tatu. Andika nyuma ya daftari lako: walioandikishwa, waliopiga, halali, zilizokataliwa. Vituo vyote vya kata ukivipata, jumlisha namba za juu zote, kisha za chini zote, ndipo ugawanye. Usichukue asilimia za vituo ukazitafutia wastani. Kituo cha watu 90 si sawa na cha watu 400. Matokeo ya udiwani yanajumlishwa na kutangazwa ngazi ya kata na msimamizi msaidizi, kwa hiyo unaweza kulinganisha jumla yako na yake.

Naweza kukaa karibu na kituo nihesabu wanaoingia?

Mwaka 2015 jambo hili lilifika Mahakama Kuu, na watu walikatazwa kukusanyika ndani ya mita 200 kutoka kituoni. Ukitaka kuhesabu, omba chama chako kikuteue wakala, uape, ukae ndani kihalali na daftari lako. Vinginevyo nenda nyumbani, halafu rudi na tochi jioni karatasi ikishabandikwa.